Sahani Haikuletwa

Mume wangu Baba Tusajigwe,

Ugonile, umelalaje huko uliko? Hapa Ngana mto Songwe umefurika, mpunga wetu umelala, na mwanao anacheka na pengo lile lile la meno yako.

Unakumbuka hema la wagonjwa? Wazungu walikuwa wanapigana wao kwa wao, wakakubebesha risasi zao, na risasi moja ya Wazungu wenzao ikakupata pajani. Mimi nilifua mashuka pale ili niwe karibu nawe. Damu ilikuwa imekuishia, midomo imepauka, lakini ulinitania tu: "Mama, usinililie, utaunguza mboga."

Siku chache kabla nilimwona daktari akimwongezea damu afisa wao. Alidondosha tone la mgonjwa na tone la mtoaji kwenye sahani nyeupe, akachanganya, akangoja. Matone yakishikana mabonge kama maziwa ya mgando, mtoaji anarudishwa. Askari wawili walirudishwa hivyo. Wewe alikuunganisha kwa mpira wa damu na mpagazi wa kwanza aliyesimama karibu.

"Bwana, na sahani?" nikauliza.

"Ninyi wote damu moja," akajibu bila kugeuka.

Nawe ukamwambia, "Ndaga." Ulimshukuru! Hilo linanichoma mpaka leo. Mara ukaanza kutetemeka, ukashika kiuno, mkojo ukatoka mweusi. Ulikufa jua likiwa bado juu.

Nikaendelea kufua. Walidhani ni unyonge, na mimi nilikuwa nangoja.

Siku ikafika, risasi ikampata daktari mwenyewe tumboni. Safari hii sahani ililetwa mbio. Matone ya kila mtu yalishikana na yake, ila yangu. Aliona mwenyewe. "Mama, tafadhali," akasema. Tangu lini mimi mama yake? Mtenda akitendewa huhisi kaonewa.

"Hapana, Bwana," nikasema. Msaidizi wake akanyanyua kiboko, nikamgeuzia mgongo, akapiga. Wakiwa bado wanatafuta kamba ya kunifunga wanitoe damu kwa nguvu, daktari akakata roho. Nilifurahi, mume wangu. Sikufichi.

Sasa mchungaji amenizuia meza ya Bwana mpaka nitubu. Nimepiga magoti mara nyingi. Nikifumba macho nakuona wewe. Nimemwambia siwezi kumdanganya Mungu ndani ya nyumba yake. Jumapili wenzangu wakila mkate, mimi natoka nje na mwanao, nikiwa nimeshiba.

Lala, mume wangu.

Mkeo,
Mama Tusajigwe