Upande wa Kiti cha Dereva

Chuno, Mtwara

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Baba naye aipokee shikamoo yake hapohapo alipokaa, maana najua unamsomea na yeye amefumba macho anasikiliza. Hamjambo huko Tabora? Magoti yako yanasemaje na mvua hizi? Dawa ya matone ya macho ya Baba bado inapatikana, au wamembadilishia tena? Mimi sijambo. Ninakula, ninalala, na kazi ya umeme pale bandarini inaendelea. Msimu wa korosho umepamba moto, malori yamejipanga hadi nje ya geti, na taa moja ya yadi ikizimika jina linaloitwa ni langu.

Mtajiuliza kwa nini barua wakati simu ipo. Simu ya hapo nyumbani mnaiweka spika, na jirani akipita anakaa kabisa. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Anayeileta ni Mwalimu Tekla, tunasali naye kanisa moja, anakuja likizo kwao. Ni mtu mwema, lakini watu wema nao wana macho, kwa hiyo bahasha nimeifunga kwa gundi tunayounganishia mabehewa. Mkiona ukingo umekwanguliwa mniambie.

Habari ya mabehewa ndiyo hii. Pale Mikindani kuna mzee wa Kihindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi, watu wanamwita Mzee Fida. Nilikwenda kununua swichi, akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Tabora. Akauliza baba yangu anafanya kazi gani. Hapo nikaanza kumtazama vizuri, maana anayekuuzia swichi baba yako anamhusu nini? Nikamjibu kwa mkato, dereva wa treni, amestaafu. Yule mzee akafunga mlango wa mbele mchana kweupe, akasema, "Binti, njoo nikuonyeshe kitu."

Nilimfuata huku nimeshika bisibisi mfukoni. Chumba cha nyuma kilijaa masanduku, na ndani ya masanduku kulikuwa na treni iliyokatwakatwa: kuta za mabehewa, mapaa, magurudumu ya chuma, mota, nyaya na mifuko ya skrubu ndogo. Vyote anatumiwa na binti yake anayeishi ng'ambo. Unajijengea mwenyewe kwa kufuata mchoro. Na si kijitreni cha mtoto, Baba. Behewa moja likikamilika lina urefu wa mkono wangu kutoka begani hadi vidoleni, na kichwa chake cha dizeli hukiinui kwa mkono mmoja. Mzee Fida alisoma huko Tabora ujanani mwake, akawa anapanda treni kila likizo, na mapenzi yake hayakuisha. Ila sasa mikono inamtetemeka, skrubu haimkai. Ndipo akanitaka mimi nimjengee.

Sikumwamini. Mji huu hauna reli. Wazee wanasema zamani ilikuwapo ikang'olewa, na hilo nalo nililikataa mpaka nikaonyeshwa tuta lake. Sasa mtu wa hapa treni ya nini? Behewa ni tupu ndani, na Msumbiji iko hapo tu ng'ambo ya mto. Kila sakafu niliyoibandika niliichungulia kwanza, juu na chini, nikidhani nitakuta kitu cha magendo. Siku moja nikamuuliza waziwazi mlango anaufunga kwa nini.

"Wateja wakiniona nacheza treni," akasema, "nani ataniogopa nikimtajia bei ya saruji?"

Nikatulia kidogo, ingawa si sana. Basi Jumapili baada ya misa huwa nakwenda. Unakata vipande kutoka kwenye fremu yake, unasugua kingo kwa msasa, unaunga kuta, unaweka viti, paa linakuja mwisho. Gundi ikishakauka hakuna kurudi nyuma. Meza ya kuwekea reli ameitengeneza Damiani, yule seremala ambaye jina lake mmelisikia kwenye simu. Yeye ndiye pia anayechonga mabenchi ya daraja la tatu kwa mabaki ya mninga, kwa sababu viti vilivyokuja na sanduku vina mahali pa kuegemeza mikono, na daraja la tatu gani hilo? Tulicheka sana.

Baba, kichwa tulichojenga ni cha dizeli kama chako, pua fupi mbele. Mzee Fida anakusalimu kwa heshima zote, anasema huenda alishawahi kufikishwa shule na wewe. Nawe Deo mdogo wangu, msaidie Mama kuchota maji.

Mama, hapa acha kusoma kwa sauti. Mwambie Baba barua imekwisha, mtengenezee chai, halafu ukimalize kilichobaki ukiwa peke yako chumbani.

Upo peke yako? Haya.

Ile hadithi ya Baba nimeisikia tangu sijaota meno. Treni inashuka kwenda Dar, inasimama stesheni ya kwa Bibi, wewe uko jukwaani na sinia la karanga. Baba anatoa mkono dirishani bila kunyanyuka kitini, maana dereva hanyanyuki kitini. Unampa karanga kiganjani, anavishika vidole vyako kidogo, na aliporudi na treni ya kupanda alikuja na khanga. Kila Krismasi anaisimulia, na kila Krismasi wewe unacheka chini chini. Nilipoondoka kuja huku aliniambia, mwanamume yeyote atakayekutaka, muulize alikuonaje mara ya kwanza. Akikosa la kusema hana nia. Nililishika neno hilo kama amri.

Sasa tulipofika kwenye chumba cha dereva, kwenye kile kichwa, mchoro sikuutazama. Wa nini? Pale kwa Bibi nimekulia mimi. Ukiwa unakwenda Dar jukwaa liko kushoto, kulia ni tanki la maji na pori. Nikabandika kiti cha dereva kushoto, nikampaka rangi mtu wa plastiki, nikamtoa mkono dirishani. Nilipanga nimpige picha nimtumie Deo amwonyeshe Baba kwa karibu.

Mzee Fida alivaa miwani, akainama. "Binti, umekosea upande. Dereva anakaa kulia."

"Baba yangu ndiye aliyekuwa dereva, Mzee. Si mchoro."

"Mimi nilikuwa nasimama pale mbele kila likizo namtazama. Alikuwa kulia."

Nilimshuku yeye kwanza, kwamba uzee umemchanganya. Kisha nikaushuku mchoro, umechorwa na watu wasioijua hata Tabora iko wapi. Damiani alikuwa anapiga randa pembeni. Akaacha, akasema, "Mie naona mumuulize aliyekuwemo."

Nikapiga simu. Lakini sikumpigia Baba, Mama. Nilimpigia Baba Mdogo Maganga, aliyekuwa msaidizi wake miaka yote ile. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilimchagua yeye, na nadhani moyo ulikwishashtuka.

"Marahaba, mwanangu. Kuna msiba?" Unamjua, kila simu kwake ni msiba.

Nikamwambia hakuna, nauliza tu, kwenye kichwa chenu kile dereva alikuwa anakaa upande gani.

"Kulia."

"Na mkiwa mnashuka kwenda Dar?"

"Kulia hukohuko. Kiti kilifungwa kwa bolti. Kushoto nilikaa mimi."

Nilisikia kuku wake. Nilidhani simu imekatika, kumbe yupo.

"Modesta, unajenga nini huko?"

"Treni, Baba Mdogo."

"Basi jenga treni. Mengine usiyatie."

Tangu hapo sikutulia. Jukwaa liko kushoto, na kushoto alikaa yeye, si Baba. Nikaanza kuyakumbuka yaliyokuwa mbele ya macho yangu siku zote. Baba Mdogo Maganga hakuoa. Baba akianza kusimulia hadithi ile, yeye hutoka nje kuitazama baiskeli yake, baiskeli ambayo hakuna aliyewahi kuigusa. Wewe anakuita Mama Modesta na hakutazami usoni. Nikajiuliza khanga ile ilinunuliwa na nani. Nikajiuliza walikubaliana nini mle ndani, watu wawili katika chumba kimoja cha injini, kutoka kwa Bibi mpaka Dar na kurudi.

Nilimkasirikia Baba siku kadhaa. Mtu anachukuaje mkono wa mwenzake anaufanya wake, tena mwenzake amekaa palepale anakunywa chai? Lakini hasira hiyo haikudumu kwake, ilihamia kwako. Wewe ulikuwepo, Mama. Karanga ulizitoa wewe kwa mkono wako. Baba anaweza kuwa amejidanganya mpaka akaamini, Baba Mdogo anaweza kunyamaza kwa sababu ya urafiki, ila wewe ulimwona aliyetoa mkono na uso wake uliujua. Miaka yote hii unacheka chini chini, na mimi nikadhani ni haya.

Sasa nikuambie kinachoniwasha. Damiani amenitaka. Si mchezo, anataka wazee wake waje Tabora na barua ya posa, na amenitaka jibu tangu kabla ya korosho kuanza. Nilimchelewesha kwa sababu moja. Nilimuuliza lile swali la Baba, aliponiona mara ya kwanza ilikuwaje. Akafikiri, penseli sikioni, kisha akasema, "Mie sikumbuki."

Nikamwambia haiwezekani usikumbuke.

"Sikumbuki, Modesta. Ulikuwa unakuja tu hapa. Nnachokumbuka ni Jumapili usiyokuja, nilikata ubao mfupi, nikaenda kukata mwingine nao ukawa mfupi."

Niliona huyu hana nia. Nikaona zaidi ya hapo, kwamba mtu asiye na hadithi anaficha. Nikapanda gari mpaka kwao Mahurunga bila kumwambia, kutazama kama hana mke huko. Nilimkuta mama yake bondeni anasafisha shamba la mpunga, analalamikia viboko waliomvurugia matuta. Nikamwamkia, nikajieleza, na kwa kuwa unanijua, nikauliza hapohapo kama Damiani ana mke.

Yule mama aliegemea jembe. "Mke? Huyo kununua mbuzi tu alikwenda kumtazama mpaka mwenye mbuzi akachoka. Wewe ndiwe unayemkatisha mbao fupi?"

Kumbe walikwishaambiwa. Akanichemshia ming'oko, mizizi ya porini wanayoila huku, tukala tumekaa kwenye gunia, akaniuliza habari zenu mmoja mmoja, na mimi nikatazama kama kuna nguo za mwanamke mwingine kwenye kamba. Hazikuwapo. Nilirudi nikiwa na aibu, lakini bado nashuku. Nikasema labda hiyo "sikumbuki" yake ni ujanja wa hali ya juu.

Simu ya Baba Mdogo ndiyo iliyonigeuza. Nilikuwa nampima Damiani kwa rula ambayo sasa naona ilikuwa na kasoro. Alijua swali langu linataka nini. Mtu yeyote pale angetunga kitu, gauni langu lilikuwa la rangi gani, nilisimama wapi, nilicheka vipi, na mimi ningeamini kwa sababu nilitaka kuamini. Yeye aliona uongo ungemsaidia akauacha. Jumapili iliyopita, tukiwa tunafunga mabenchi ya behewa la mwisho, nilimwambia wazee wake waje. Akashusha bisibisi, akakaa chini sakafuni. Mzee Fida akaenda kufungua mlango wa mbele, akauacha wazi.

Watakuja baada ya mavuno ya mpunga. Baba atawasimulia hadithi yake, hilo halina shaka. Mwache aisimulie. Mimi nitacheka palepale ninapochekaga, na Damiani nimeshamwomba asiulize lolote.

Kile kiti cha dereva nilikibandua kwa kisu, kikaacha kovu, nikakihamishia kulia na nikaweka dereva mwingine hapo. Yule niliyemtoa mkono dirishani nimemwacha kushoto. Sasa wako wawili mle ndani, na Mzee Fida amekubali kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Nisalimie Bibi, mwambie bado nakumbuka harufu ya jukwaa lake. Nisalimie Shangazi Ana, aache kuwaambia watu naolewa na Mhindi. Baba Mdogo Maganga sijui nimsalimu kama nani, lakini msalimu.

Ukinijibu, tumia mkono wako mwenyewe, mpe Mwalimu Tekla, na ufunge vizuri. Usinieleze nani alivishika vidole vyako wala khanga ilitoka kwa nani. Nilitaka sana kujua, sasa sitaki tena. Nataka jambo moja tu, kwa sababu na mimi naenda kukaa na mtu maisha yangu yote. Huyu uliyempata, Mama, ulifurahi naye?

Mwanao anayekushuku na kukupenda,

Modesta