Nani Aamue Shamba la Maman

Gashonga, Rusizi
19 Oktoba 2014

Mpendwa kaka yangu Kamali,

Assalam aleikum. Habari za Lubumbashi, na kifua chako kinaendeleaje? Wifi Uwera mguu umepona? Sisi hapa wazima, alhamdulillahi. Mvua imeshuka vizuri, watoto wananenepa. Mimi jino linanisumbua, lakini kula nakula.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema neno moja, wewe umeshasema kumi na salio limeisha. Barua utaisoma mpaka mwisho, upende usipende.

Ni ile habari ya shamba alilotuachia Maman. Uliniamuru ning'oe migomba, niache maharagwe, niweke parachichi kila mahali, kwa kuwa umesikia huko kwamba zinauzwa ng'ambo. Ukamaliza na "asiyesikia la mkuu huvunjika guu". Tangu Baba afariki wewe ndiwe mkubwa wetu, na sijawahi kukukatalia neno.

Sasa sikiliza. Baada ya umuganda wa Septemba, ile kazi ya pamoja ya kijiji kizima, tukiwa bado na majembe mikononi, bwana agronomu, yule mtaalamu wa kilimo wa sekta, alituuliza tunataka nani asimamie kilimo: Kigali, wilaya, sekta, au kijiji chenyewe. Maoni tu, ayapeleke juu. Basi tukafanya kama tunavyomchagua mkuu wa kijiji: watu wanne wakasimama mbele, kila mmoja na ngazi yake, sisi tupange foleni nyuma ya tunayemtaka. Mjomba Hakizimana, kaka yake Maman, akapewa kuwa Kigali.

Kaka, karibu kilima kizima kilikwenda nyuma ya mjomba! Nami nikiwemo. Agronomu akashangaa, akauliza sababu. Jirani yangu Nyiraneza akamjibu: "Ni mzee wetu. Nitamupita namna gani, nikasimame nyuma ya batoto?" Tulicheka mpaka mjomba mwenyewe akakaa chini. Serikali kuu ilishinda kwa mvi!

Ikabidi turudie. Safari hii tulisimika majembe manne ardhini, hakuna mtu wa kumwonea haya, na hapo ndipo watu walisema ya moyoni. Mbegu, mbolea na barabara, Kigali ilete, hatukatai. Harelimana wa bondeni akataka matuta yasimamiwe na wilaya, maana maji ya kilima hiki yanabomoa mashamba ya kilima kile. Ana haki, mwaka jana mihogo yake yote ilikwenda na maji. Lakini nini kipandwe na lini, wengi tulikwenda kwenye jembe la kijiji. Nyiraneza yuleyule akasema: "Muntu akiwa mbali, atajuaje mvua imefika kwangu?" Fimbo ya mbali haiui nyoka, kaka.

Nilirudi nyumbani nikicheka, halafu kicheko kikaniishia. Niliona kwamba hata kwa shamba la Maman nilikuwa napanga foleni nyuma yako kwa sababu tu wewe ni mkubwa. Heshima yako iko palepale. Ila ule mteremko huujui tena. Pale chini maji yanatuama siku hizi, na parachichi ingeoza mizizi.

Basi nimeamua. Migomba ya Maman imesimama, na chini yake nimepanda maharagwe. Yameota, we! Ukiyaona utatamani kuyala mabichi. Pale juu, karibu na njia, udongo ni mkavu. Nimekuwekea miche michache ya parachichi ili usiseme sikukusikia kabisa.

Mjomba Hakizimana anakusalimu sana, na siku hizi anatutaka tumwite Bwana Serikali. Nyiraneza naye anauliza kama bado unaimba vibaya. Nisalimie wifi na watoto wote. Mungu akufungulie riziki, akulinde na husuda, akupe na nauli ya kurudi.

Najua utakasirika. Kasirika, lakini njoo ukasirikie hapa. Mwisho wa Desemba tunavuna, na nyumba ya Maman ina chumba chako. Tembea shambani kwa miguu yako mwenyewe, ushike ule udongo, halafu sema unachotaka. Siku hiyo nitakusikiliza mpaka mwisho.

Mdogo wako anayekupenda sana, na asiyekuogopa tena,

Nasiba