Mayai Yaliyomshinda Sungura

Mpendwa mjukuu wangu Mukami,

Hapa Embu tuko wazima. Guka, babu yako, amemaliza kupalilia mahindi na sasa analalamikia mgongo. Ndama wako ameanza kuota pembe.

Unauliza kama kingamwili bora ya kupimia virusi ni ile inayong'aa zaidi. Miaka ya tisini, nikiwa maabara ya mifugo, soko la ng'ombe huko Mbeere lilifungwa kwa ugonjwa wa miguu na midomo. Tulipima kwa kingamwili iliyotolewa kwenye damu ya sungura, na karibu kila ng'ombe alionekana mgonjwa. Nikamchanja kuku wangu kwa virusi hivyo vilivyouawa, nikatoa kingamwili kwenye kiini cha mayai yake.

Mwenzangu Njeru alicheka. "Si ukaange tu hayo mayai tukule?"

Tukazilinganisha; kipimo kikigeuka njano, kingamwili inasema imeona virusi. Kwa ng'ombe mgonjwa, ya sungura ikawa njano iliyokolea, ya yai njano ya kawaida. Njeru akajipigia makofi, akidhani sungura ameshinda. Nikamwambia angoje, nikaweka sampuli ya ng'ombe wa mama yangu, mzima kabisa. Sungura akawaka njano vilevile. Yai likabaki jeupe kama maji.

"Ngai!" Njeru akaruka. "Kumbe huyu sungura hukubali kila kitu!"

Tukapima upya kwa mayai. Wagonjwa walikuwa wa boma moja tu. Soko likafunguliwa, na Njeru ndiye aliyepiga kelele kutushinda wote.

Kwa hivyo usiangalie kung'aa tu; angalia pia kama kingamwili inajua kunyamaza pasipo na virusi.

Krismasi ya mwaka huo ilipofika, kuku wa mtaa wetu wa Majimbo walichinjwa nyumba kwa nyumba. Wangu alipita katikati ya wageni, akadonoa chapati, na hakuna aliyethubutu kumfukuza.

Cucu wako