Naambiwa Nimfunze Atakayekuwa Mkubwa Wangu Maktabani

Jumanne, 8 Julai 2025. Asubuhi ya ukungu na manyunyu, vilima havikuonekana hadi saa nne.

Mama Kavindu,

Nakuandikia kutoka Nunguni na nakuomba univumilie, kwa sababu jambo hili limenikaa kifuani tangu Ijumaa na sijui nilianzie wapi. Mimi ni mkutubi katika shule moja ya upili huku, jina lake sitalitaja. Baada ya kidato cha nne nilisomea stashahada ya ukutubi, na nilipomaliza mitihani mwalimu mkuu akaniajiri kabla sijahitimu, akasema, "Lete cheti cha kidato cha nne, kinatosha," nami nikaleta, na huu ni mwaka wangu wa tatu. Nilikuta vitabu ndani ya magunia, nikavipa nambari kimoja kimoja na kuvibandika lebo, na sasa mwanafunzi akitaka kusoma habari za udongo au za moyo wa binadamu anajipatia kitabu bila kuniita.

Lakini kwenye ofisi ya walimu, wengine wanaitana mwalimu na madam, mimi naitwa "wewe wa vitabu". Wanafunzi waliopiga kelele darasani wanaletwa kwangu kama adhabu, wakae maktabani hadi kengele, kwa hivyo watoto wameanza kuogopa maktaba kama wanavyoogopa ofisi ya naibu. Wageni wakija naambiwa, "Wewe hauna darasa, saidia jikoni," basi najifunga leso na kupakua wali, na siku moja mgeni akanisifu kwamba napika vizuri, na mwalimu mkuu hakumwambia mimi ni nani, na mimi pia sikusema.

Sasa tumejengewa maktaba mpya yenye madirisha makubwa na kompyuta, na inahitaji msimamizi, ambaye ataongezewa mshahara. Ijumaa kwenye mkutano wa wafanyakazi mwalimu mkuu alitangaza kwamba msimamizi atakuwa Mulinge, mwalimu wa michezo, kisha akanigeukia na kusema, "Kalunde, kuanzia Jumatatu tarehe kumi na nne utamfunza Mulinge kila kitu."

Nikauliza, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, "Na mimi je, mwalimu?"

"Wewe utaendelea kumsaidia. Pale mbele tunataka mtu aliyesoma."

Madam Wayua wa hesabu akadakia, "Kwani kupanga vitabu kunasomewa? Si ni kama kupanga viatu vya mitumba?"

Watu wakacheka. Mama Kavindu, na mimi nikacheka.

Mulinge mwenyewe si mtu mbaya. Alinifuata nje akaniambia, "Kalunde, usiniache niaibike. Mimi najua mpira tu. Zile nambari za mgongoni mwa vitabu, mimi nilidhani ni bei." Hapo nilicheka kwa kweli, halafu nikarudi maktabani nikafunga mlango na sikutoka hata wakati wa chai.

Tangu siku hiyo situlii. Natoa vitabu kwenye rafu na kuvirudisha pale pale, nikiketi nataka kusimama, nikisimama sijui nilikuwa naenda wapi. Shemeji yangu Mutie ana duka la vifaa vya ujenzi Sultan Hamud, anatafuta mtu wa kaunta, atalipa zaidi ya shule, na anataka jibu kufikia Jumapili. Nilipomwambia mama yangu, anayeishi Kwa Vonza, aligomba sana: "Na hiki cheti uende kuuza misumari?" Mama alikitia cheti changu cha ukutubi kwenye fremu siku ile ile niliyohitimu, akakitundika sebuleni kati ya picha ya baba na kalenda ya kanisa, na hakuna mgeni anayemaliza chai pale kabla hajaonyeshwa, hata mchungaji alisimama akakiombea. Sasa nikibaki shuleni nitamfunza mtu kazi yangu kisha niwe chini yake, na nikienda Sultan Hamud nitakuwa nimetupa nilichokisomea. Naomba uniambie nishike njia gani kabla ya Jumapili.

Jana nililala saa saba. Leo ndiyo nalala, saa nane na robo usiku.

Kalunde

MAMA KAVINDU ANAJIBU

Kalunde mwanangu,

Barua yako ilinifikia jana Alhamisi, nikaipitisha mbele ya nyingine kwa sababu ya hiyo Jumapili. Pole. Kuambiwa umfunze kazi mtu atakayekusimamia ni tusi, hata likitamkwa kwa upole. Mwalimu mkuu wako amekosea, na huyo Madam Wayua ningependa atafute kitabu kimoja tu ndani ya yale magunia uliyoyakuta. Hilo nimelimaliza.

Sasa zamu yako. Nimeisoma barua hii mara mbili nikitafuta mahali ulipompa mwalimu mkuu cheti chako cha ukutubi. Sikupaona. Mchungaji amekiona. Majirani wa Kwa Vonza wamekiona wakinywa chai. Anayekuajiri hajakiona! Kwenye faili lake wewe ni msichana wa kidato cha nne, na anaposema anataka mtu aliyesoma, anasema kulingana na karatasi uliyompa. Alipaswa kuuliza? Alipaswa. Lakini mwaka wa tatu huu unangoja akisie, na wakikucheka unacheka nao, kwa hivyo wanaamini mmekubaliana.

Kesho asubuhi nenda Kwa Vonza ukakitoe ukutani. Mama atalalamika kwamba ukuta utabaki na alama, mwache alalamike. Toa nakala, wakili azithibitishe, kisha cha mama kirudi kwenye fremu yake. Jioni andika barua ya kuomba usimamizi wa maktaba, kwa bodi ya shule kupitia kwa mwalimu mkuu. Ukurasa mmoja. Usiweke wali, leso wala mitumba. Hayo ni ya kuniambia mimi. Waambie ulisomea nini na umefanya nini na vile vitabu.

Jumapili baada ya kanisa mpigie Mulinge, asije akasikia kwa watu. Mtu anayedhani nambari za vitabu ni bei hatalia akipokonywa hicho kiti. Mwombe amwambie mwalimu mkuu, kwa kinywa chake, alichokuambia wewe.

Shemeji yako mwambie utampa jibu shule zikifungwa. Akishindwa kungoja, aajiri mwingine, kaunta haikosi mtu.

Na bodi ikikiona cheti na bado imchague Mulinge? Inawezekana, sitakudanganya. Hapo dai barua inayokutaja kuwa mkufunzi wake, na siku hiyo hiyo uanze kutuma maombi kwenye maktaba nyingine, Makueni, Kitui, popote. Kuhama ukifuata vitabu nakuruhusu. Kukimbilia misumari kwa hasira nakukataza.

Jumatatu gonga mlango wa mwalimu mkuu kabla ya gwaride. Mpe bahasha mkononi, sema, "Mwalimu mkuu, kazi hii niliisomea, na naiomba nafasi hiyo." Basi. Usicheke, na akinyamaza usimsaidie kwa maneno. Simama hapo asome mpaka mwisho. La kusema alitafute mwenyewe.