Mimi Si Rubani, Baba

Darsait, Maskati

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Mama shikamoo yake umfikishie leo leo, maana najua ataidai. Goti lako limepoa? Ile dawa ya kuchua niliyompa shemeji akuletee, uipake kweli, usiwagawie wenzako wa barazani kama ulivyofanya ile ya kwanza. Mimi ni mzima, Alhamdulillahi. Joto la huku limeanza kupungua, na sisi watano wa chumba kimoja tumeanza tena kugombania mablanketi.

Nimeandika barua kwa sababu simu imenishinda. Kila nikikupigia unaweka spika, baraza zima linasikiliza, na kabla sijasema neno unawaambia, "Huyo, kapteni wangu kapiga." Hapo nakosa pa kuanzia. Leo hakuna wa kunikatiza, basi nakiri. Baba, mimi si rubani. Sijawahi kuendesha ndege, na huku hata baiskeli sijaipanda.

Kosa tumelifanya wawili. Siku ile nilikwambia nimepata kazi kwenye kambi ya ndege zisizo na rubani. Wewe ukaelewa kwamba ndege zimepungukiwa marubani, wakamwita mwanao azibe pengo. Ukamshukuru Mungu kwa sauti, nami nikacheka, nisikusahihishe. Nilidhani ni jambo la kuisha wiki ile ile. Sikujua utafika nalo mpaka kwa Mzee Rajabu, baba yake Mwajuma, wala kwamba posa yangu iliyokataliwa mara mbili ingekubaliwa kwa ajili ya urubani. Sasa nasikia mahari inapelekwa mwezi ujao.

Ndege zenyewe zina rubani, ila hakai ndani yake. Anakaa chini, kwenye chumba chenye ubaridi, anatazama vioo kama vya televisheni na kuiongoza ndege kwa mkono akiwa na kikombe cha chai pembeni. Mimi kazi yangu ni kuokota kokoto. Kila asubuhi, kabla ndege ya kwanza haijaruka, tunajipanga mstari mmoja upana wa njia ya kurukia, tunatembea tangu mwanzo hadi mwisho tukitazama chini. Kijiwe, skrubu, kipande cha waya, chochote tunachokiona tunatia mfukoni. Pangaboi la ndege hizi liko nyuma, kwa hiyo gurudumu likirusha kijiwe, kinakwenda kulipiga. Gari la kufagia lipo na hutangulia, lakini hakuna anayeliamini peke yake.

Jina la kambi siliandiki, tumekatazwa, na simu tunaziacha langoni. Lakini habari za zamani za pale si siri, kwani msimamizi wetu humsimulia kila mgeni anayekanyaga. Ni mzee wa Kiomani aliyezaliwa Tabora na kulelewa Unguja, sote tunamwita Ammi Salum. Anasema hapo palikuwa changarawe tupu. Wanajeshi walitaka ndege iwafikishie maji na barua, wakawaajiri wenyeji wakaondoa mawe kwa mikono, kisha wakafunga chuma nyuma ya lori na kuburuza mpaka pakasawazika. Baadaye ikaja lami, zikaja na ndege za kivita. Hizo hazikukaa sana, zilihamishwa kwa kuwa njia ilikuwa fupi kwazo, kambi ikabaki na walinzi na mbuzi. Zilipokuja hizi za sasa, ufupi ule ukazitosha, na anga lile lisilo na msongamano ndilo walilokuwa wakilitafuta. Siku hizi zinaruka kutazama pwani na mpaka, na meli zinazopita mbali.

Najua utauliza kama zinaua. Nami nilimuuliza Ammi Salum. Akaniambia, "Mwanangu, hizi nnazozijua mie zina macho tu. Za wenzetu kwengine zina makucha, na zetu kesho sijui. Ntakwambia nilichokiona, sikwambii zaidi." Jibu hilo bado nalifikiri, lakini nilimheshimu kwa kutonidanganya.

Sasa sikiliza kilichotokea mwezi uliopita. Mvua kubwa ilinyesha siku mbili, mabonde yakafurika, na habari ikaja kwamba kuna gari limebebwa na maji na watu wake hawajulikani walipo. Helikopta haikujua ianzie bonde lipi. Ilitakiwa ndege yetu itangulie kutazama, lakini maji yalikuwa yamemwaga matope na mawe njia nzima, na gari la kufagia lilikwama kabla ya kufika nusu. Ammi Salum hakupiga kelele. Alivua kanzu yake, akabaki na fulana na shuka, akainama kama sisi. Tulifagia kwa mafagio, tukazoa kwa makoleo, mwishowe tukapiga magoti tukaokota kwa vidole. Nilichubuka mikono yote miwili. Ndege ikaruka, ikawaona watu wanne juu ya mwamba, mmoja ni mtoto mchanga, na helikopta ikawafuata huko.

Jioni rubani alitoka kwenye chumba chake akaja tulipokuwa tunanawa. Ni kijana, labda rika langu. Akaniwekea kijiwe kiganjani, akasema maneno kwa Kiarabu. Ammi Salum akatufasiria: "Anasema mmesahau kimoja tu, na ameshakuokotieni yeye." Tulicheka mpaka tukakaa chini. Baba, sijawahi kujivunia kazi kama siku ile, na nilichokitamani ni kukusimulia wewe. Nikashindwa, kwa sababu kwako mimi nilikuwa juu angani.

Wewe ulikuwa mtu wa gengi la reli. Ulitembea na nyundo yako ukigonga na kukaza, jua na mvua, na treni hukuiendesha hata siku moja. Treni ikipita ulitusimamisha mlangoni ukatuambia imepita salama kwa kazi yako, nasi tulitembea shuleni vifua mbele. Mbona mimi ukanitaka niwe rubani?

Mwajuma nimeshamwambia. Akasema, "Mimi nilikukubali ukiuza vocha stendi. Lakini baba yangu hawezi kuyasikia kwangu. Aje kumwambia yule yule aliyemwambia mwanzo."

Nisalimie Mama, na dada yangu mkubwa na watoto wake, na shemeji aliyebeba dawa. Muadhini wetu mwambie nimepokea dua zake za kumwombea rubani, ila abadilishe kidogo maneno.

Nawe, Baba, nakuomba uende kwa Mzee Rajabu kabla mahari haijatoka nyumbani. Akiirudisha posa nitaumia, sitakuficha. Akiikubali, awe amenikubali mimi. Lakini usimwite pembeni ukamnong'oneza. Mwambie pale pale barazani, wote wakiwepo, na uiseme kazi yangu kwa sauti ile ile uliyokuwa ukiisema yako.

Mwanao,
Idrisa