Ukuta wa Chumba Changu

Mjukuu wangu Emanueli,

Marahaba. Salamu zako zimefika huku Nakwa. Mama yako hajambo, na maharage tumeshavuna.

Umeuliza kuta za ndani za nyumba yako ya Maisaka ziwe za tofali au za jipsamu, zile bodi nyembamba, maana fundi anasema tofali linadumu na halipitishi sauti. Ni kweli.

Nilipokuwa msichana nyumba yetu ilikuwa ya udongo, na kuta za ndani hazikufika kwenye paa. Bibi yangu akiita kutoka chumbani kwake, tulimsikia wote. Kisha baba akajenga ya matofali, kuta zote hadi juu, tukajivunia sana. Siku moja tulikuwa sebuleni tukipukuchua mahindi na kucheka. Nilipompelekea bibi chai, alikuwa ameshatutoka. Jirani aliyepita karibu na dirisha lake alisema alimsikia akiita, akadhani tuko naye.

Baada ya mazishi baba alipanda ngazi, akang'oa matofali ya juu ya ukuta wa chumba cha bibi.

Vyumba vyenu jenga kwa tofali, baba. Lakini kile ulichosema kitakuwa changu, weka jipsamu. Nikiita, unisikie.

Bibi yako