Mashamba ya Kaunti Ndani ya Bakuli la Chakula

Mshauri mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimefunga mlango wa jikoni, unisaidie kabla ya Jumatatu. Mimi ni Arlys, naibu mtunza kumbukumbu katika kaunti yetu ndogo ya Minnesota, na hati zote za mashamba tangu babu zetu wahamie kutoka Norwei zimo katika mikanda ya mikrofilamu, picha ndogo ndogo za kila hati, kwenye chumba cha chuma chini ya jengo la mahakama, lakini shemeji yangu Verlyn, ambaye ni mwenyekiti wa baraza, amenunua hifadhi ya kidijitali ya hati hizo na sasa anataka mikanda iteketezwe ili chumba kiwe cha mazoezi ya viungo kwa wajumbe, ingawa wajumbe wenyewe hupanda lifti hata kwenda ghorofa ya kwanza. Bila saini yangu hakiteketezwi kitu, nami nilipomwuliza kikaoni hifadhi hiyo inafunguliwaje, aliniambia maelezo yamo ndani yake.

"Ndani ya nini, shemeji?"

"Ndani ya hifadhi. Usalama ndio huo, Arlys. Au ulitaka tuyabandike mlangoni?"

Watu wakacheka, nami nikanyamaza, maana sisi huku hatugombani hadharani, tunapikiana tu, basi nikaanza kuitoa mikanda kidogo kidogo katika bakuli langu lenye mfuniko, lile la kupelekea chakula kanisani, kwa kuwa katika kaunti hii hakuna amfunuliaye mwanamke bakuli lake, na sasa nusu ya mashamba ya kaunti yamo katika chumba cha chini ya nyumba yangu, kando ya mitungi ya matango ya siki. Mlinzi wetu, mzee Duane, ambaye bado analima, huniuliza kila jioni, "Umebeba nini leo, Arlys?" nami humjibu, "Viazi na nyama." Jana akasema, "Viazi vyako siku hizi havinukii."

Jumatatu baraza linakutana. Nikitia saini, mikanda itakwenda motoni. Nisipotia, Verlyn ataagiza ihesabiwe, nami nitaonekana mwizi. Nifanye nini?

Arlys

Bi Arlys,

Pole. Sasa keti, kwa maana nitakugombeza. Hukuziokoa kumbukumbu, umezihamishia mahali pabaya. Mkanda wa filamu hutaka baridi, ukavu na hewa safi, nawe umeuweka penye unyevu na mvuke wa siki. Tena hati ya umma haitunzwi nyumbani kwa mtu, hata awe mwema kiasi gani. Jirani akihitaji hati ya shamba lake leo, apige hodi jikoni kwako?

Shemeji yako hakukosea kununua hifadhi ya kidijitali. Itapata mara moja jina ambalo wewe ungelitafuta mchana kutwa. Kosa lake ni kudhani kwamba chombo cha kutafutia kinatosha kutunzia. Mashine hubadilishwa, kampuni hufungwa, na aliyejua nenosiri huhamia Florida. Mkanda uliotunzwa vizuri husomwa kwa taa na kioo cha kukuzia. Kila kimoja kina kazi yake, basi vyote viwili vibaki.

Usitie saini. Jumatatu, mbele ya baraza na wananchi, mwombe Verlyn, kwa adabu na bila kutabasamu, afungue mwenyewe hati ya shamba la baba yake katika hifadhi hiyo. Akiifungua, mpongeze, kisha udai mikanda ibaki. Asipoifungua, chukua mkanda wenye hati hiyo, uuelekeze dirishani, umpe kioo asome. Usiongeze neno. Sisi watu wa huku ni mabingwa wa kunyamaza, na safari hii kunyamaza kutafaa.

Lakini kwanza rudisha mikanda. Mweleze mkuu wako wa kazi yote uliyoyafanya, kabla hajaelezwa na mwingine. Kisha ipakie garini, uingie kwa mlango wa mbele mchana kweupe, na bakuli lile lisiwe na mfuniko. Duane akikuuliza umebeba nini leo, usimtajie viazi. Mwambie, "Shamba lako, mzee."

Mshauri wako